Njiwa Si Wanyama

Medard wangu alimdanganya daktari mara moja tu maishani mwake, na mwenyewe hakujua kwamba anadanganya. Mbaya zaidi, na mimi nilikuwepo, nimekaa pembeni na mkoba mapajani, nikamsaidia.

Daktari huyo wa mapafu alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, jina lake Hilde Maertens, nywele fupi, kalamu sikioni kama fundi seremala. Akauliza: "Bwana Medard, nyumbani mnafuga wanyama wowote?"

"Hatufugi," akasema Medard.

"Hata paka hatuna," nikaongeza, tena kwa fahari, maana nyumba yangu ni safi na nilitaka ajue.

Daktari akaandika kwenye karatasi yake kwamba hakuna wanyama. Na nyuma ya nyumba yetu pale Wulverhoek, juu ya kibanda cha baiskeli, tulikuwa na njiwa sitini na wanne. Paka hatukuwa naye kwa sababu yao.

Usinicheke. Kamuulize mtu yeyote wa kwetu. Ng'ombe ni mnyama, nguruwe ni mnyama, sungura ni mnyama mpaka atiwe sufuriani na zabibu kavu. Njiwa ni njiwa. Lakini jibu letu lile lilitupotezea mwaka mzima na nusu, na nusura linipotezee mume.

Medard alizaliwa kando ya mto Leie, nyumba ya nne kutoka kwetu. Shule tuliiacha wote tukiwa wadogo, yeye na miaka kumi na miwili, mimi kumi na mmoja, tukaingia kwenye kiwanda cha kitani. Kazi yake ilikuwa kulisha mashine ile inayovunja mabua, na jioni alitoka amefunikwa vumbi hadi kope. Kiwanda kilipofungwa akaenda reli, akikaza misumari ya mataruma mpaka walipomstaafisha. Alikuwa mfupi, mpana, masikio makubwa, maneno machache. Siku aliponiposa alisema sentensi mbili tu, na ya kwanza ilihusu mvua.

Banda la njiwa alilijenga mwaka ule ule tuliooana, kabla hajanijengea jiko.

"Njiwa hawawezi kulala nje, Zulma," akaniambia.

"Na mimi ndiye niwezaye kupika nje?"

Akafikiri. Naapa kwamba alifikiri kweli.

Aliwarusha kwa njia ya ujane, kama wengi wa kwetu. Majira ya baridi dume na jike wanakaa pamoja, wanazoeana. Mashindano yakianza, jike anaondolewa. Dume anabaki peke yake wiki nzima kwenye kisanduku chake, mjane, ananguruma na kuzunguka zunguka. Siku ya Ijumaa, kabla hajatiwa kwenye tenga kupelekwa Ufaransa, anaonyeshwa jike wake dakika tano. Dakika tano, si zaidi. Akishaanza kuvimbisha shingo na kujidai, jike anaondolewa tena. Dume huyo ukimwachia Noyon asubuhi ya Jumapili haoni mto, haoni mwewe, haoni mvua. Anakuja nyumbani kama jiwe la manati.

"Hakuna nguvu duniani inayoishinda hiyo," Medard alipenda kusema.

Nilimsikia. Mimi husikia hata nikiwa namenya viazi.

Jumapili kwetu haikuwa siku ya mazungumzo. Redio ilisoma njiwa wa wapi wameachiwa saa ngapi na upepo unatoka wapi, kisha Medard anakaa bustanini, shingo imekunjwa nyuma, na ole wako uanike shuka jeupe likawatisha. Njiwa akiingia, anamvua pete ya mpira aliyovalishwa mguuni kabla ya mbio, anaitumbukiza kwenye saa yake ya mashindano, sanduku la mbao lenye ufunguo wa shaba, anazungusha, na saa inapiga muhuri wa muda kwenye ukanda wa karatasi. Bila saa hiyo, njiwa wako hata akiwa wa kwanza Ubelgiji nzima, bado hajafika.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka arobaini na miwili. Halafu akaanza kukohoa.

Alikohoa siku ya Jumatatu. Siku nyingine alikohoa pia, lakini Jumatatu ilikuwa na mambo yake. Asubuhi anapanda ngazi kwenda kufanya usafi mkubwa wa banda, anakwangua kinyesi, anafagia, na madirisha ameyafunga wajane wake wasipigwe na baridi. Humo ndani kuna vumbi la manyoya yao, jeupe, laini kuliko unga wa keki, linaelea hewani kama haliko. Saa nne anashuka, anakunywa kahawa, mzima kabisa. Saa kumi jioni anatetemeka mpaka kikombe kinagonga sahani. Homa, mifupa inauma, pumzi fupi fupi kama mtu aliyekimbizwa na fahali. Kesho yake au keshokutwa anaamka, amechoka lakini yupo.

Mimi nilijua ni nini. Sisi watu wa kitani tuna ugonjwa wetu wa Jumatatu: mtu anapumzika Jumapili, akirudi kwenye vumbi la kiwanda kifua kinambana. Mama yangu alikuwa nao.

"Hicho ni kitani," nikamwambia.

"Kitani nilikiacha miaka kumi na minane iliyopita, Zulma."

"Wewe ulikiacha. Chenyewe hakijakuacha."

Na mimi nikishasema jambo, nimesema. Nikamwambia daktari wa kijiji ni kitani, akaandika kitani, akatupeleka kwa daktari Maertens, naye akasoma kitani, akauliza habari za wanyama, akajibiwa nilivyokwisha kusema. Akampa dawa ya kupanua njia za hewa, ya kuvuta kwa mdomo. Medard aliivuta kwa utiifu asubuhi na jioni, kisha akapanda bandani.

Ngazi ya banda ina vipandio tisa. Mwanzo alivipanda huku anapiga mluzi. Baada ya mwaka alikuwa anapumzika kwenye cha tano. Kisha kwenye cha tatu na cha sita. Suruali ikaanza kumpwaya. Ncha za vidole vyake zikapanuka, kucha zikawa mviringo kama kijiko kilichogeuzwa. Nilimnunulia mkanda mpya, nikautoboa tundu moja, halafu la pili. Tundu la tatu nilipolitoboa nilikaa jikoni na ule msumari mkononi, sikumwambia mtu.

Tulichokuja kukijua tulikijua kwa sababu ya ngiri. Ilimtoka kinenani siku ya kubeba gunia la mahindi ya njiwa, wakamlaza hospitali siku kumi. Huko nyumbani rafiki yake Kamiel, wa kijiji cha pili, alikuwa anakuja kulisha. Siku ya kumi nikaenda kumchukua Medard nikamkuta anapanda ngazi za hospitali badala ya lifti, anapiga mluzi.

"Yule daktari mpasuaji ni hodari," akasema. "Ngiri ndiyo ilikuwa inanibana mapafu."

"Ngiri iko kinenani, Medard."

"Kila kitu kimeunganika, mke wangu."

Kijiji kizima kikaamini habari ya ngiri. Watu wawili walikwenda kupimwa zao. Jumatatu ya kwanza Medard akapanda bandani, polepole, kwa sababu ya mshono. Saa nne akashuka. Saa kumi nilikuwa namfunika blanketi la tatu, meno yanagongana, na pale kwenye nywele zake, juu ya sikio, palikuwa na kinyoya kidogo cheupe.

Nikakitoa. Nikakiangalia. Nikaenda dirishani nikaliangalia banda. Nikamwangalia Medard. Mimi si mtu wa kubadili maneno yangu, lakini siku ile niliyabadili, na yalikuwa magumu kumeza kuliko kabichi ya hospitali.

Wiki ile ile tulikuwa kwa daktari Maertens tena.

"Tuna njiwa," nikasema kabla hajakaa.

Akatoa kalamu sikioni. "Mlisema hamna wanyama."

"Hatuna," akasema Medard.

"Wangapi?"

"Sitini na wanne."

"Bwana Medard!"

"Njiwa si wanyama, daktari," Medard akamfafanulia taratibu, kama anamwonea huruma kwa kusoma sana. "Njiwa ni njiwa."

Daktari alifunika uso kwa mikono. Mabega yalitikisika. Mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Wakamtoa damu. Kisha wakamwingiza mpira mwembamba kooni mpaka mapafuni, wakamwaga maji ya chumvi kidogo, wakayavuta tena, wakayaangalia kwa hadubini. Tuliporudi kusikiliza majibu, daktari Maertens alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza.

"Nilitafuta vijidudu humo," akasema. "Sikuona hata kimoja. Nilichokuta ni chembe nyeupe za damu yako mwenyewe, zimejaa hadi hazina pa kusimama."

"Za kwangu?" Medard akasema, kama mtu aliyeambiwa ndugu zake ndio wezi.

"Za kwako. Kazi yao ni kukulinda. Ndani ya mapafu kuna chembe kubwa zinazofanya kazi ya ufagio. Vumbi likiingia zinalimeza na kulionja. Vumbi la njiwa halina sumu, halina kijidudu, halikudhuru hata kidogo. Lakini umelivuta miaka arobaini, na siku moja chembe zako zikaamua kwamba huyu ni adui. Tangu hapo, zile kubwa zikilionja tu, zinapiga kelele. Hazina mdomo, zinatoa kemikali zao ndani ya damu, na chembe nyingine zinakuja mbio, maelfu kwa maelfu. Mishipa inalegea ili zipite. Maji yanavuja yanaingia kwenye vifuko vya hewa. Mapafu yanavimba, yanawaka. Homa unayoipata ni kelele zao hizo."

"Na kwa nini saa kumi?" nikauliza. "Mbona akishuka saa nne ni mzima?"

"Kukusanyika kunachukua muda, mama. Zinaitana, zinasafiri. Zinapita saa nne, tano, hata sita tangu avute vumbi, ndipo zinapotimia."

Hapo nikaelewa kabisa. "Kumbe ni wazimamoto wetu!"

Daktari hakuelewa yeye, ikabidi nimsimulie. Wulverhoek tulikuwa na wazimamoto wa kujitolea, wanaume kumi na mmoja na mpira mpya wa maji ambao haujawahi kuona moto. Siku moja padri aliunguza nyama ya nguruwe kwenye kikaango. Moshi ukatoka dirishani, mtu akagonga kengele. Walichukua nusu saa kutimia, kwa kuwa wengine walikuwa mashambani, na walipofika padri alikuwa ameshakula. Lakini mtu na mpira mpya ataufanya nini? Walivunja mlango uliokuwa wazi. Walimwaga maji mpaka dari ikashuka. Mmoja alilipasua kabati kwa shoka kutafuta moto ndani yake. Na tangu siku hiyo bomba la padri likitoa moshi wa kahawa tu, hao wamekuja. Baada ya mara ya nne ukuta wa jiko ulikuwa umezibwa saruji kila mahali.

"Ehe! Hapo hapo, mama," daktari akasema, akanishika mkono. "Na saruji hiyo ndiyo ninayoiogopa. Kila wakivunja, mwili unaziba kwa kovu. Kovu ni gumu, halivuti hewa. Mapafu ya bwana Medard yameshaanza kuzibwa huku chini." Akaonyesha kwenye picha. "Nitampa vidonge vya kuwatuliza wazimamoto. Lakini vidonge peke yake ni kuwaomba watulie huku padri anaendelea kuunguza nyama."

"Mbona mimi siugui?" nikauliza. "Nafua nguo zake kila wiki."

"Kila mtu na chembe zake. Zako zimeliona vumbi hilo zikalipuuza."

"Chembe zangu zina adabu."

"Hazijali kitu," akasema Medard. "Zimemfuata mwenyewe."

Daktari hakucheka safari hii. Alimwambia usoni, bila kuzunguka: njiwa waondoke, na banda liondoke na vumbi lake, au ndani ya miaka miwili atakuwa anaburuta chupa ya oksijeni, na baada ya hapo hataburuta kitu. Medard akauliza kama barakoa haitoshi. Haitoshi. Akauliza kama akibakiza kumi. Hapana. Wawili? Akauliza kama akibakiza mmoja, mzee, asiyeruka sana.

"Bwana Medard. Hata unyoya."

Tulirudi kwa basi. Tulipokaribia kituo chetu akaniambia, "Nitampa Kamiel wote." Nikamshika mkono. Nililia kidogo, na mimi si mtu wa kulia.

Ijumaa Kamiel alikuja na matenga yake. Ni mtu mkubwa, sauti kama ng'ombe, na siku ile alikuwa mpole mno. Ilinipasa kutia shaka hapo hapo. Medard aliaga njiwa mmoja mmoja kwa majina. Gari likaondoka. Jumapili nikaanika shuka langu jeupe bustanini, la kwanza la Jumapili tangu niolewe. Nilipoinua kichwa, juu ya paa walikuwa wamepanga mstari sitini na wanne, wananitazama.

Medard alikuwa jikoni, anasoma gazeti la juzi.

"Medard, njiwa wako wamerudi."

"Aa? Wamerudi?"

"Wote."

"Basi, Zulma, ningefanya nini? Wamekuja wenyewe."

Kamiel akapiga simu kusema alisahau kufunga dirisha. Akaja kuwachukua. Wiki iliyofuata alisahau mlango. Akaja kuwachukua. Safari ya tatu nikamsimamisha pale pale uani.

"Kamiel, wewe umefuga njiwa tangu ukiwa na kaptula. Njiwa wa mbio ukimhamisha umri huu, anarudi wapi?"

Akaangalia viatu vyake. "Kwao, mama Zulma."

"Na ukitaka asirudi?"

"Unamfungia azae. Vifaranga vyake ndivyo vitakavyoruka kutoka kwangu."

"Ulikuwa hulijui hilo?"

"Medard aliniomba," akanong'ona mwanamume mzima yule. "Alisema ni njia ya kukuridhisha tu."

Jumatatu njiwa walikuwa bado kwetu, na Medard akawafanyia usafi. Saa kumi jioni alitetemeka, nami nikakaa kitandani pembeni yake nikimsikiliza anavyovuta hewa, kitu kinakwaruza huko ndani kama kiatu kipya. Sikumgombeza. Nilikuwa nafikiri.

Ijumaa asubuhi nilivaa gauni langu la bluu la harusi za watu. Nikajipaka manukato. Begi lilikuwa mlangoni. Nikasimama mbele yake jikoni, nikageuka upande huu na upande ule.

"Umependeza," akasema kwa mashaka. "Kuna nini leo?"

"Niangalie vizuri. Una dakika tano."

Mtu wa njiwa hahitaji kuelezwa mara mbili. Uso wake ukabadilika. "Zulma. Unanifanya njiwa?"

"Njiwa ana akili. Nakwenda kwa dada Alida, kule Wenduine baharini. Banda likiwa halipo, unajua njia. Likiwepo, mimi sitakaa hapa kukutobolea mkanda mpaka uishe."

"Utarudi Jumatatu."

"Unanijua."

Alinijua. Kwenye dakika ya tano nikachukua begi, na pale kabatini nikachukua saa yake ya mashindano, nikaikumbatia kama mtoto.

"Hiyo uiache!" Ndipo alipopaza sauti.

Nikazungusha ufunguo, ikapiga muhuri: Ijumaa, saa tano kamili asubuhi. Nikatoka.

Alida ni dada yangu mdogo, mjane wa kweli, anakaa ghorofa ya pili karibu na tramu, anapenda kamba wadogo wa kijivu na kusema ukweli. Niliiweka saa juu ya meza yake ya chakula.

"Sasa tunafanya nini?" akauliza.

"Tunamenya kamba na kungoja."

"Na asipokuja?"

Hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni tangu kwenye treni. Dume asiporudi, wenye njiwa husema amepotea, wanalifuta jina lake ubaoni. Medard alikuwa na miaka sitini na tisa na kichwa kama changu. Huenda angekaa pale na njiwa wake hadi saruji ijae kifuani, kwa ukaidi tu, kunionyesha. Na mimi nisingerudi, kwa ukaidi tu, kumwonyesha. Ningeshinda, kisha ningevaa nyeusi.

Jumatatu ya kwanza, saa kumi na robo jioni, simu ikalia. Hakusema neno. Nilisikia ile pumzi inayokwaruza, kikohozi, pumzi. Nami sikusema. Tulikaa hivyo mpaka Alida akaninyang'anya simu.

"Shemeji, kama ni wewe, sema. Kama ni mwizi, hapa hakuna kitu."

Akakata.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Nilifua mapazia ya Alida yasiyokuwa na uchafu. "Piga wewe," akaniambia Alida. "Sipigi," nikasema. "Mama alikuzaa ukiwa umesimama wima," akasema. Jumatatu ya pili nikakaa karibu na simu tangu saa tisa. Saa kumi. Kumi na robo. Kumi na moja. Haikulia. Hapo niliogopa kama sijawahi. Nikavaa koti, nikalivua, nikalivaa. Alida alinipa kahawa sikuinywa. "Kesho asubuhi narudi," nikasema, na hilo lilikuwa neno la pili nililolibadili maishani, tena mwaka ule ule.

Asubuhi nikapanga begi polepole. Tramu ya kwanza ilipita, ya pili ikapita. Adhuhuri nilikuwa bado natafuta soksi niliyokuwa nimeivaa. Nilipokuwa nashuka ngazi na begi na saa, nilisikia mtu anapanda. Kipandio, kimya. Kipandio, kimya.

Alikuwa Medard na suti yake ya kanisani, amekonda, uso wa rangi ya siagi, kofia mkononi. Akasimama kwenye kona ya ngazi, anatafuta hewa.

"Umefuata saa," nikamwuliza, "au umenifuata mimi?"

"Saa Kamiel anayo nyingine," akasema.

Alida akatokea mlangoni juu. "Shemeji, hapo hapo ulipo! Suti hiyo imeoshwa, au ina vumbi la njiwa?"

"Imetoka kwa dobi, shemeji. Na mimi nimeoga mara mbili. Zulma, ninuse umwambie."

Nikamnusa. Alinukia sabuni tupu, hata masikioni.

Alisimulia akiwa ameketi, vipande vipande. Jumatatu ile ya kwanza homa ilipomshika, aliita, "Zulma, niletee chupa ya maji moto," na nyumba haikujibu. Aliita tena kwa sababu alisahau. Alhamisi akamwita Kamiel, akamwambia sasa iwe kweli. Njiwa wakafungiwa kwa Kamiel wakae wazae. Jumatatu ya pili Kamiel na shemeji zake wawili wakalibomoa banda, ubao kwa ubao, na Medard akiwa jikoni, mlango na dirisha vimefungwa, anaangalia. Vumbi lilifika hata huko. Saa kumi homa ilimpiga kuliko siku zote, hata simu hakuweza kuifikia. Asubuhi alipoweza kusimama, akaoga.

Kisha akatoa kitu mfukoni. Ilikuwa pete ya mpira, ya yule dume wake aliyewahi kuwa wa kwanza kutoka Noyon. Hakunipa. Aliivalisha kidole chake kidogo, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Nipige muhuri," akasema.

Nikaivua pete, nikaitumbukiza kwenye saa, nikazungusha ufunguo. Alida akavaa miwani akausoma ukanda kwa sauti: Jumanne, saa nane na dakika arobaini mchana.

"Siku kumi na moja, saa tatu na dakika arobaini," akasema. "Kutoka Wulverhoek! Shemeji, konokono wa bustanini angefika, akarudi, akaja tena."

Medard alivuta hewa kwanza.

"Upepo ulikuwa wa mbele, shemeji," akasema.

Tulikaa Wenduine majira yote ya joto. Jumatatu ya kwanza pale hatukuitaja homa, lakini wote watatu tuliijua saa yake. Saa nne asubuhi alikunywa kahawa. Saa tisa nikatoa mablanketi matatu nikayaweka kwenye kiti. Saa kumi tukakaa mezani, sahani ya kamba katikati, na saa ya mashindano inagonga. Kumi na dakika tano. Kumi na kumi. Medard alishika kikombe chake akakitazama, kama anamngojea mtu aliyezoea kuchelewa. Kikombe hakikutikisika. Kumi na nusu Alida akasema yeye ana njaa na hangojei homa ya mtu.

Kovu la chini halikutoka. Daktari Maertens alituambia halitatoka, na vipandio tisa kwa mluzi hakuvipanda tena. Lakini mkanda ule niliurudisha tundu moja kufikia Septemba. Vidonge vya kuwatuliza wazimamoto vilimpa njaa hata akawa anamaliza na kamba wangu.

"Hao ni wa kwangu, Medard."

"Mimi ni mjane," akasema huku anatafuna. "Wajane hulishwa vizuri."